Dada Yangu Alipiga Magoti kwa Kosa Nililoliandika Mimi

Admin, jina langu usiliweke. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja, sina mume. Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Omurushaka: kuchapa barua, kutoa kopi, picha za pasipoti. Ukurasa huu nilionyeshwa na dada yangu, yeye ndiye mpenzi wa visa vyenu. Wanaopenda kutukana kwenye komenti karibuni, sitajibu. Tangu Pasaka sisikii kitu moyoni, hata kulia kumenishinda.

Nikiwa sina wateja huwa naandika maelekezo ya programu za simu. Zile za bure, zinazotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani na kuzirekebisha. Wao wanatengeneza, sisi wengine tunaandika kwa Kiswahili: bonyeza hapa, kisha pale, ukikwama fanya hivi. Halipwi mtu. Mimi nilichukua programu moja ya kurekodi sauti nikaandika ukurasa wake wote wa msaada. Nilijiona mtu, jamani! Nikautoa kopi nikampelekea dada.

Dada anaishi Bugomora. Ndiye mkubwa wetu, anafuata kaka aliye Bukoba, halafu mimi kitinda mimba. Yeye ndiye aliyemuuguza mama mpaka anafariki mwaka jana. Miezi ile ya mwisho alikuwa akimrekodi kwa simu: mama akisali, akiimba huku anamenya ndizi, akimsema jirani, akitutaja kila mmoja kwa jina lake la Kinyambo na kutubariki. Kututumia ilishindikana, rekodi ni ndefu na mtandao wa kwake ni wa kubahatisha. Tukakubaliana tutazisikiliza wote siku ya ibada ya shukrani, mwaka ukitimia.

Wiki mbili kabla ya ibada simu yake ikajaa. Akaitoa karatasi yangu kwenye Biblia, ndiko alikokuwa anaitunza, akafuata hatua kwa hatua. Niliandika hivi: chagua rekodi zote, bonyeza hamisha kwenda memori kadi, kisha rudi ufute zilizobaki kwenye simu. Basi. Sikuandika aangalie kwanza kama kadi imo. Kwenye simu yangu imo siku zote. Lakini mimi nimekulia huku huku, najua kadi za huku hazikai kwenye simu! Zinachomolewa asubuhi, zinachomekwa kwenye redio ndogo, watu wasikilize kwaya wakiwa jikoni. Kadi ya dada ilikuwa kwenye redio. Simu ikamwandikia kitu kwa Kiingereza, akabonyeza sawa. Halafu akafuta, kwa sababu karatasi ilisema afute.

Akanipigia. "Mdogo wangu, mama simwoni kwenye simu."

Nikamwambia asiguse kitu, nikaifuata ile simu, nikaipeleka kwa fundi. Fundi alihangaika nayo siku mbili akanirudishia akitikisa kichwa.

Siku hiyo hiyo nilirekebisha ukurasa. Nikaongeza mstari kwa herufi nzito: Kabla ya kufuta, hakikisha kadi imo, kisha sikiliza rekodi zako kutoka kwenye kadi. Kurasa hizi zinatunza kila badiliko, nani kaandika na lini, na dunia nzima inaweza kuona. Ila nani wa Bugomora ataenda kuangalia huko?

Sasa sikieni ubaya wangu. Nilienda kumrudishia simu. Alipotoka kwenda kibanjani kukata ndizi, nikaichomoa ile karatasi kwenye Biblia yake, nikaitia motoni chini ya sufuria, nikaweka mpya pale pale. Nilisogeza kuni nikaendelea kupika.

Baada ya kula akavaa miwani akaisoma. Kidole kikasimama kwenye ule mstari.

"Kumbe ulikuwepo. Wee! Mbona sikuuona? Umeeleza vizuri kabisa, mdogo wangu, mimi ndiye kichwa maji."

Nikamjibu, "Pole dada, ni uchovu wa kuuguza." Ndivyo nilivyosema.

Siku ya ibada, Jumatatu ya Pasaka, mchungaji alipoondoka, kaka akasema, "Haya, tuwekeeni sauti ya mama." Dada akasimama. Mkubwa wetu, mwenye mvi, akatupigia magoti sisi wadogo zake. Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa magoti. Akasema, "Nimempoteza mama mara ya pili. Nisameheni, sikusoma vizuri." Kaka aligeuza uso, na mpaka leo hapokei simu ya dada. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya nyama. Nikaendelea kuishika.

Sasa dada anapita kwa majirani wenye wazazi wazee, anawafundisha kurekodi. Anawaonyesha ule mstari: "Msifanye kama mimi, someni hapa." Alhamisi anakuja Omurushaka, kaniagiza kopi nyingine. Nimeshazitoa, ziko hapa kaunta. Nikisema, kaka atanigeukia mimi, na dada atajua mdogo anayemjivunia kwa watu ni mtu wa namna gani. Nikinyamaza, atazeeka akiomba msamaha wa kosa lisilo lake. Nyie mliowahi kukaa na kitu kama hiki, niambieni, nitamtazamaje usoni nikimkabidhi hizo karatasi?

Nimeandika hapa nikijua dada yangu hapitwi na kisa. Dada, kama umefika mpaka hapa, karatasi uliyoifuata haikuwa na ule mstari. Ulisoma vizuri.