Nilivyokwenda Kupokea Mahari Nikaonyeshwa Mapango

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe nililisikia vibaya. Nasema mapema ili mtu asinicheke katikati ya habari. Mwenye kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Giakanja, katikati ya wiki. Simu ya kuaminika hapa kwetu iko kwenye kituo cha mafuta, na anayeishika ni Mutua, Mkamba mpole anayeogopa vumbi. Siku hiyo alikuja mpaka kwenye machimbo yangu ya mawe, akasimama mbali, akapaza sauti.

"Mzee! Nyambula amepiga simu kutoka Nanyuki. Anasema uje Jumamosi. Kuna kijana wa Wang'ulu anaitwa Munene, mwalimu wa taipu, analeta mahali yake. Uje uangalie kama ni nzuli."

Sasa, Wakamba wana ugomvi na r kama sisi Wakikuyu tulivyo na ugomvi na l. Akisema Nyambula, najua ni Nyambura, binti yangu. Akisema nzuli, najua ni nzuri. Kwa hivyo aliposema mahali, mimi niliyeishia darasa la pili na bado nikanunua lori, nikamrekebishia neno kichwani. Mahari! Kijana wa Wang'uru analeta mahari!

Moyo ukaniruka. Nyambura ndiye mtoto wangu wa pekee. Nilimfundisha kusoma jiwe kabla hajasoma kitabu: litapasukia wapi, linabeba nini. Alipokwenda Nanyuki kufanya kazi kwenye duka la kompyuta, nilisema atachoka atarudi. Sasa akiolewa na watu wa mpunga huko Wang'uru, machimbo nitamwachia nani? Kunguru?

Mama Nyambura alikuwa na shaka. "Mahari inapelekwa dukani Nanyuki tangu lini?"

"Siku hizi kila kitu kiko kwa kompyuta," nikamwambia, nikatafuta suti.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nilikuwa na mzigo wa mawe wa kupeleka Wang'uru. Ningepita kwa huyo Munene kwanza, niione hiyo mahari, niidharau mpaka akae kwao na aibu zake.

Ijumaa asubuhi nikateremka. Nyeri, Karatina, Sagana, na kila kona joto linaongezeka na suti inakuwa nzito. Ukifika Mwea nchi inalala chali. Maji, mpunga, maji, mpunga, na ndege wengi kuliko watu. Mtu wa mawe akiangalia hapo anapahurumia: hakuna hata jiwe la kumpiga mbwa.

Wang'uru, mchana. Munene nilimpata kwenye chumba kimejaa taipureta, na kompyuta moja tu pembeni imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kiti cha wageni. Kijana mwembamba, miwani, shati limefungwa mpaka kooni.

"Wewe ndiye Munene?"

"Ndiye, mzee. Karibu."

"Mimi ni baba ya Nyambura. Nataka kuona hiyo mahari yako kabla haijafika Nanyuki."

Na ulimi wangu ndio huo wa kwetu, nikisema mahari, nikisema mahali, ni sauti moja. Kijana akafurahi mpaka miwani ikateleza.

"Mahali yangu? Iko tayari! Kaa, mzee."

Akafunua kitambaa, akawasha. Mashine ikanguruma kama posho mill ya mbali ikisaga mahindi. Nikaona shimo jeusi.

"Hii ni nini?"

"Pango, mzee."

"Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi hakuna. Kuna joka, liko ndani zaidi."

"Ng'ombe?"

"Hakuna."

"Hata blanketi ya mama yake?"

"Mzee, ni pango tu."

Nikasimama. "Kijana, unataka kuoa binti yangu na shimo?"

Akaachilia kile kipanya. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke na chupa ya chai. "Nani anaoa?" akauliza.

"Hakuna anayeoa!" Munene akalia. "Mzee, huyu ndiye bibi yangu. Tuko na watoto wawili!"

"Rudia hapo pa kuoa," bibi akasema, akaweka chupa chini polepole.

Ilichukua chai yote kupanga mambo. Kumbe kuna mchezo wa kompyuta wa panga na majoka, na watu wazima wa Nanyuki wanalipa kuucheza kwenye duka la Mama Kanana, ambako Nyambura ameajiriwa. Mapango ya mchezo huo yalikuja mabaya. Lakini ukuta wa pango kwenye kompyuta ni picha tu, imebandikwa kama karatasi ya ukutani, na mwenye ujuzi anaweza kuibandua na kubandika yake. Pango zima la namna hiyo wao huliita mahali. Nyambura ametengeneza mahali yake, Munene yake. Jumamosi Mama Kanana angechagua moja, na mwenye kushinda angekuwa mshirika wake katika duka.

"Na Nyambura akishinda?"

"Basi ni mtu wa Nanyuki milele, mzee."

"Na akishindwa?"

"Aliniambia akishindwa atarudi kuuza mawe."

Nikamiminiwa chai ya pili. Nikavuta kiti karibu na kompyuta. "Munene, mtoto wangu," nikasema, "hebu tutengeneze hilo pango lako."

Kwanza akanionyesha lile lililokuja na mchezo. Ukuta wa kijivu, laini, kama choo cha shule kabla watoto hawajaandika. Halafu lake. Lilikuwa na rangi nzuri, lakini ufa ulikuwa ni ule ule kila baada ya hatua, ufa, ufa, ufa, kama maua kwenye leso.

"Jiwe halijirudii hivyo," nikamwambia. "Hilo ni pazia. Na mbona chini na juu kunafanana? Maji yakishuka ukutani yanaacha mistari myeupe. Chini kuna tope na mavi ya popo. Juu, kama watu wamelala humo, ni masizi."

"Umejuaje, mzee?"

"Wakati wa Emajensi ya wakoloni nililala pangoni na mama yangu. Wewe weka masizi."

Aliweka. Alifanya kazi usiku wote na mimi nikalala kwao usingizi mzuri wa mtu anayemharibia mtoto wake kwa faida yake.

Jumamosi, mawe yakiwa yameshashushwa, tukapanda pamoja kwa lori. Kiganjo, Naro Moru, mlima umevaa kofia yake ya mawingu, baridi ikarudi na suti ikapata maana. Nanyuki ni mji wa watu wanaopita: wanajeshi wa kigeni, wazungu wa ranchi, na wauzaji wanaokuuzia kipande cha ikweta kama wamekilima wenyewe.

Nyambura alikuwa mlangoni mwa duka. "Baba! Mbona umevaa suti?"

"Kwani nivae gunia?" nikamjibu. Munene akakohoa. Nikamkanyaga.

Mama Kanana ni Mmeru mnene wa sauti, hana mchezo ingawa anauza michezo. Aliweka kompyuta mbili sako kwa bako. Wateja wawili wakaingia kila pango na kutoka. Mmoja, karani wa hoteli, akataka la Munene, masizi yalimtisha. Mwingine, mzungu wa ranchi, akasema atafikiria.

"Mimi sijawahi kuingia pango lolote," Mama Kanana akasema. "Baba Nyambura, wewe ni mtu wa mawe. Utakalosema ndilo."

"Yeye?" Nyambura akaruka. "Mama, nilimwita aangalie, si aamue. Huyu anataka nirudi nyumbani!"

"Ndiyo sababu akikusifu nitamwamini."

Nikaliangalia la Munene. Zuri. Lilikuwa na kila kitu nilichomwambia. Nikakohoa, niko tayari kutoa hukumu, nikageukia la Nyambura kwa heshima tu.

Ulikuwa ukuta umechongwa. Alama za tindo zimeinama kushoto, zote, kwa sababu anayezipiga ni wa mkono wa kushoto. Na pale katikati palikuwa na kovu la jiwe lililokataa, mahali tindo yangu ilivunjika. Nikakumbuka Krismasi. Nyambura alikuja na kamera, mimi nikasimama kwa machimbo nimevaa tai, naye akapiga picha ukuta, ukuta, ukuta, na mimi akaniacha kando. Niliona ni kuharibu filamu.

"Lakini mzee," Munene akasema haraka, "pango haliwezi kuwa na alama za tindo. Nani alilichonga?"

Na yule mzungu wa ranchi akainama, akaangalia, akacheka. "Iko pindapinda sana. Fundi ya hii ukuta alikuwa mlevi."

"Nani mlevi?" nikasema.

Basi. Sikumbuki kukaa chini. Nilimwambia ukuta huo umesimama mvua zote na haujaangusha hata kokoto. Nilimwambia kuinama huko ndiko kunakopeleka maji nje. Nilimwambia joka lolote lenye akili litalala hapo na si kwenye masizi ya uongo ya Wang'uru, na mtu asiyejua ukuta akae na ng'ombe wake. Nilipopumua, Mama Kanana alikuwa ameshaandika jina la Nyambura juu ya kompyuta.

Munene akaniangalia kama mtu aliyeuziwa punda, kisha mwenye punda akampanda akaenda zake. Nilimlipia nyama choma.

Nyambura hakucheka. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akaninyoosha tai. "Krismasi sikukuacha nje kwa ubaya, Baba. Ulikuwa unaziba ukuta."

Jumapili nikarudi na lori tupu. Inaruka kwa kila shimo kama haina mwenyewe. Nilichojifunza ni hiki: mtu akitaka kumrudisha mtoto nyumbani, asijenge ukuta mzuri kiasi cha mtoto kuondoka nao. Na asiamini masikio yake hata kama yamemlisha miaka yote kwa kusikiliza jiwe.

Giakanja, kituo cha mafuta. Mutua akaja na mpira wa dizeli.

"Mzee, ulifika? Hiyo mahali ilikuwaje?"

"Ilikuwa mahali," nikamwambia. "Lakini mahari nimelipa mimi."