Neno Lililobaki Mdomoni mwa Vukašin

Kwanza lisemwe lililo kweli, maana wengi hapa Vrelovac, mji wetu wa makaa ya mawe, wamelisahau au wanajifanya wamelisahau: kati ya vijana wale wawili, mwenye kipaji cha mpira alikuwa Balša. Vukašin alikuwa na mapafu, na adabu, na mama asiyemruhusu kukosa mazoezi hata theluji ifike magotini. Lakini Balša akipokea pasi, wachimba makaa waliotoka zamu, nyuso nyeusi kama masufuria, walisimama kwenye uzio wakasahau kwenda kuoga. Vukašin alilijua hilo tangu wana miaka tisa. Ndiyo maana gazeti lilipomwandika yeye kuwa kiungo bora aliyewahi kutoka katika milima hii, alilikunja akalisukuma chini ya godoro, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Wote wawili walicheza katikati. Kiungo hupokea mpira huku amewapa mgongo wapinzani, na hakuna mtu mwenye macho kisogoni. Kwa hiyo mwenzake huwa macho yake. Mpinzani akimjia kwa nyuma, aliye karibu hupiga kelele neno moja tu, "Mgongo!", naye huuachia mpira kwa mguso mmoja, na rafu ikapita hewani. Kocha Zarija, mzee aliyeacha vidole viwili mgodini, aliwafundisha neno hilo kabla hajawafundisha kupiga shuti.

"Ukikosa goli nitakusamehe," alikuwa akisema. "Ukiacha kumwonya mwenzako, nenda kachunge kondoo. Na hao kondoo nitawaonea huruma."

Mwezi wa tatu, vijana wakiwa na miaka kumi na minane, alikuja mtu kutoka Belgrade, kavaa koti refu la kijivu, akaketi jukwaani na kijidaftari chake. Klabu yake ilitaka kiungo mmoja. Mmoja, si wawili. Hata muuza mikate alilijua hilo. Na kila mtu alijua ni nani.

Theluji ilikuwa inayeyuka na uwanja ulikuwa uji mtupu. Ilikuwa imepita saa nzima ya mchezo Balša alipopewa mpira, mgongo wake kwa wageni. Vukašin alikuwa hatua kumi kando. Akamwona beki namba nne, jitu la mashavu mekundu, anakuja mbio, na hakuja kwa ajili ya mpira. Neno lilikuwa tayari, ulimi umeshapanda. Vukašin akafunga mdomo. Haukufika muda wa kupepesa jicho, lakini ndani yake aliwaza jambo zima kwa utulivu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni: akiumia kidogo tu, wiki mbili tu, yule wa koti la kijivu atanitazama mimi.

Balša hakuumia kidogo. Goti lilipokatika, sauti ilifika hadi uzioni.

Hakuna aliyemshuku Vukašin. Dhambi ya mkono huacha alama. Dhambi ya mdomo uliofungwa haina shahidi ila mwenye mdomo. Watu walimlaani namba nne, wakamlaani mwamuzi, wakayalaani hata matope. Vukašin alishika machela upande wa kichwa, machozi yanamtiririka, na wanawake wakasema, "Tazameni urafiki huo!" Neno hilo lilimchoma kuliko tusi.

Kiangazi kile kile akachukuliwa Belgrade. Misimu miwili alipasha moto benchi, akapelekwa kwa mkopo Hungary, na huko Budapest akapata namba na kuishika. Balša alipasuliwa goti mara mbili mjini Podgorica, akatundika viatu, akaoa, akaingia karakana ya baba mkwe wake kubadilisha matairi. Hakukosa kutazama mechi hata moja ya mwenzake, kisha anapiga simu: "Dakika ya thelathini ulichelewa kugeuka, bwege wewe! Bibi yangu angewahi ule mpira, na bibi yangu yuko kaburini." Vukašin alicheka, simu ikikatika akakaa akiutazama ukuta. Alimpelekea televisheni kubwa, akampelekea mashine ya kunyooshea goti. Balša alivipokea kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Vukašin kupita yote. Laiti angevirudisha.

Mwaka wa sita, mwezi wa sita, msimu ulipoisha, Vukašin alikuja nyumbani kupumzika. Jumapili, baada ya ibada, mama yake, Milijana, alikuwa anasonga kachamak, ule ugali wetu wa mahindi na viazi na jibini, mara Balša akaingia. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, anachechemea, mkononi ameshika tofaa jekundu. Milijana aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Kwetu mwanamume hapeleki tofaa jekundu nyumbani kwa mtu ili liliwe.

"Tofaa mwezi wa sita!" akasema, sauti tayari imeshaingia machozi. "Umelipata wapi, mwanangu?"

"Dukani, mama Milijana. Limetoka Italia. Lakini Mtakatifu Yohana haulizi pasipoti."

Kisha akasimama wima, kadiri goti lilivyomruhusu, akasema maneno yanavyosemwa: "Vukašin, nakuomba kwa Mungu na kwa Mtakatifu Yohana, uwe kum wangu. Umshike mwanangu kwenye maji ya ubatizo, umpe jina."

Ukum, udugu huo wa ubatizo unaolindwa na Mtakatifu Yohana, haukataliwi. Mtu anaweza kukataa chakula, anaweza kukataa mchumba, anaweza hata kukataa vita, ingawa atasemwa. Ukum hakuna mtu wa ukoo wowote wa hapa aliyewahi kuukataa. Koo zilizokuwa zikiuana zimepatanishwa kwa huo. Kum ni zaidi ya ndugu, maana ndugu hukumchagua. Na kwa sababu hiyo hiyo, huwezi kuupokea ukiwa na baya moyoni kwa yule anayekuomba. Vukašin alikuwa kati ya mawe mawili. Akanyoosha mkono akalishika tofaa.

"Nimekubali," akasema.

Balša akambusu mara tatu. Milijana akaangua kilio, mpaka jirani yao Jagoda akachungulia juu ya ua. "Jamani, nani kafa huko?"

"Hajafa mtu, mbea wewe! Tumepata kum!"

Ubatizo ulipangwa Jumapili iliyofuata. Wiki ile Vukašin hakugusa chakula. Milijana akadhani ni uchovu wa msimu mrefu, akawa anamkanda miguu kwa rakija, ile pombe kali ya plamu. Siku ya Alhamisi alikwenda mjini akanunua shati jeupe la mtoto, kama ilivyo wajibu wa kum, akalipeleka karakana.

"Karibu, kum!" Balša aliita kutoka nyuma ya lori. "Simama hapo hapo na hiyo suruali yako ya Budapest. Oili haimjui staa wala mchunga mbuzi."

Wakazungumza habari za hapa na pale, mashine ya upepo ikinguruma pembeni. Ikaja habari ya kocha Zarija: amezeeka, anataka kumwachia Balša timu ya watoto, na Balša kila mara anakataa.

"Unakataa nini?" Vukašin akauliza. "Hakuna anayeujua mpira kama wewe."

Balša akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Niwafundishe nini? Kusikiliza? Kum, wewe hujawahi kunilaumu hata siku moja, na nakushukuru. Lakini mimi nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Siku ile. Ulipiga kelele, 'Mgongo!' Nilikusikia vizuri kabisa. Nikajiambia, aa, muda ninao, ngoja nimwonyeshe yule mzee wa koti jinsi watu wanavyogeuka. Kiburi, ndugu yangu. Goti hili nililivunja mimi mwenyewe. Sasa nitasimamaje mbele ya watoto wa watu niwaambie sikilizeni wenzenu?"

Miaka sita Vukašin alikuwa akiogopa siku mtu huyu atakapokumbuka. Kumbe alikuwa anakumbuka, tena anakumbuka kisichokuwapo. Mlango ulikuwa wazi. Shahidi amempata, na shahidi mwenyewe ni yule aliyevunjika. Alichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa anakujua.

"Sikupiga kelele," akasema.

"Nini?"

"Sikusema kitu, Balša. Nilimwona tangu anaanza kukimbia. Nikanyamaza makusudi. Nilitaka yule mtu anitazame mimi."

Balša alicheka kwanza. "Acha utani wa kipumbavu." Kisha akamtazama vizuri. Akaenda akaizima mashine, akarudi.

"Ulimwona."

"Nilimwona."

"Ukiwa umbali gani?"

"Hatua kumi."

"Hatua kumi." Akaketi juu ya tairi, mguu mbovu ameunyoosha mbele yake. "Miaka yote hii nimemwambia mke wangu kwamba ameolewa na mpumbavu. Baba yangu nimemwambia kosa ni langu. Amekufa anaamini hivyo."

"Nisamehe."

"Ngoja. Usiniombe kitu leo. Umekuja kutua mzigo wako, umeutua. Usitake tena nikusaidie kuupanga."

Mteja mmoja alipiga honi nje, akachoka, akaondoka.

"Jumapili usije," Balša akasema.

"Ukum umeshaombwa, Balša. Watu watasema nimekataa."

"Waache waseme. Mimi sitawaambia kitu. Nikiwaambia, mama Milijana hatakanyaga nje ya mlango wake tena, naye amenilisha tangu utoto. Na wewe usimwambie mtu. Baba, aliyestahili kuujua ukweli, alishakufa, na sitaki mji mzima uanze upya kunililia."

Vukašin akainua lile shati, hajui alipeleke wapi. "Na hili?"

"Liache hapo. Mtoto hana kosa."

Jumapili mtoto alishikwa na shemeji yake Balša, karani wa posta, akapewa jina la Luka. Kabla mishumaa haijazimwa mji mzima ulikuwa unajua. Amekataa ukum! Amekubali mbele ya mama yake, tofaa kalishika, halafu kakataa! Muuza mikate aliibandua picha ya Vukašin dirishani pake, akaweka tangazo la biskuti. "Lisemwalo lipo," walisema watu, wakitikisa vichwa. Vukašin alipita katikati yao kwenda kununua mkate, akasalimu, hakuitikiwa, akaurudisha mkono mfukoni.

Siku ya Jumanne Jagoda alisimama kwenye ua akisema na kuku wake, kwa sauti ya kuwafikia watu. "Na yule maskini Balša, ameachwa na kum kama chungu kilichopasuka, lakini kijana ana moyo! Jana kaenda kwa Zarija kachukua filimbi. Anawafundisha watoto wetu mpira. Huyo ndiye mtu, si hawa waliolewa sifa za mji wa watu!"

Vukašin aliyasikia yote akiwa dirishani. Kwa hilo la filimbi alishukuru, na hakuona kama ana haki ya kushukuru.

Milijana akaingia, akafunga dirisha, akajifunga upya kitambaa cha kichwani. Tangu Jumapili hakuwa amemwuliza.

"Nilikuona umelishika tofaa," akasema. "Wale huko nje nimewaambia ni waongo. Miaka hamsini na sita mtu hajaniita mama wa mwongo wala wa mkataa ukum. Sasa niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ulikataa?"

Vukašin akageuka kutoka dirishani.

"Nilikataa, mama."

Milijana alikwenda jikoni, akaipua birika la kahawa lililokuwa limeanza kufurika, akamimina kikombe kimoja, akaketi nacho ng'ambo ya meza. Alipokwisha kunywa nusu akauliza:

"Basi la Podgorica linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi fungasha," akasema. "Usije ukachelewa."