Hajambo, Anakusalimu

Nilipotoka eda nilirudi kazini kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpikia. Hatukujaaliwa mtoto. Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya soko, Bagamoyo mjini. Kimoja kina sabuni za mwani na mafuta ya nazi, kingine kina meza, kompyuta na feni inayolia. Tunauzia mahoteli ya pwani, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kuja huku kwetu, mpaka Saadani na Pangani. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga bidhaa na kuandika risiti. Aliyekuwa akiuza ni mume wangu.

Hakuwa na maneno ya biashara. Alikuwa akifika hotelini anauliza habari za watoto, habari za mgonjwa, habari za shamba la mtu ambaye yeye mwenyewe hajawahi kumwona. Akimaliza ananyanyuka kuondoka, na hapo mnunuzi ndiye anayemwita: "Sasa wewe, sabuni umekuja nazo au umekuja kusalimia?" Akirudi nyumbani ananisimulia habari za watu hao wakati nachambua mchele, nami nikawajua bila kuwaona.

Alipofariki tulimzika kwao Fukayosi. Msiba kwetu hutangazwa msikitini, kisha watu hupelekeana habari nyumba kwa nyumba. Watu wa mahotelini hawakuwa ndugu wala majirani, kwa hiyo hakuna aliyewakumbuka. Simu yake wadogo zake waliichukua, ikazimwa. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa nyeupe, sisemi na mtu asiye wangu. Muda wote huo mizigo ilipelekwa na dereva wa bodaboda wa kukodi, na alipoulizwa habari za mume wangu alijibu kweli tupu, kwamba hamjui.

Bosi wetu ni binti kutoka bara, Mkristo, mchangamfu, mwenye haraka. Asubuhi niliyorudi alisema kila kitu kwa pumzi moja. "Shikamoo mama, pole, nimefurahi umerudi, kuna kitu nataka unisaidie kukiunganisha." Nilipomaliza kusema marahaba kompyuta ilikuwa imeshafunguliwa.

Akanieleza. Alikuwa amelipia jukwaa moja la mtandaoni lililojaa majina ya watu wanaonunua kwa niaba ya mahoteli na makampuni: jina, cheo, simu, barua pepe. Kando ya hilo alikuwa na msaidizi wa akili mnemba, ile programu unayoiandikia swali nayo ikakujibu, ambayo alikuwa akiitumia kuandika Kizungu cha watalii. Sasa alitaka vitu hivyo viwili viungwe, ili msaidizi aingie mwenyewe jukwaani atafute wateja, badala ya yeye kunakili namba moja moja.

"Mimi nimeishia darasa la saba," nikamwambia.

"Lakini una subira. Mimi kompyuta ikiniambia nisubiri natamani kuitupa dirishani."

Haikuwa kazi ngumu. Niliingia sehemu ya mipangilio ya msaidizi, nikatafuta palipoandikwa viunganishi, nikachagua jina la jukwaa. Likanipeleka mlangoni kwake, nikaandika barua pepe ya ofisi na neno la siri. Kisha likaniuliza: je, unamruhusu msaidizi huyu asome taarifa? Aongeze mpya? Abadilishe zilizopo? Niliwaza kama mtu anayemwachia jirani ufunguo. Aingie, aangalie, lakini sufuria zangu asizihamishe. Nikaruhusu kusoma tu. Na barua nikamwambia aziandike aziweke kama rasimu, mwenye kubonyeza kutuma niwe mimi.

Nikamjaribu. Nikamwomba wanunuzi wa mahoteli kati ya Bagamoyo na Pangani. Akanipa, na wengi niliwajua kwa yale masimulizi ya jioni. Kisha, kwa kutaka tu kujua tunaonekanaje huko nje, nikaandika jina la kampuni yetu. Bosi alikuwepo. Chini yake alikuwepo mume wangu, majina yake yote matatu, mpaka la babu yake ambalo hakulitumia. Mkuu wa Mauzo. Yuko kazini. Mimi sikuwepo.

Nilifunga kompyuta nikaenda chumba cha pili kufunga sabuni.

Wiki hiyo bosi akaniambia niwaandikie wateja wa zamani kuwaamsha. Msaidizi akatoa barua fupi yenye punguzo la bei mstari wa kwanza. Nikaona haifai. Huwezi kumwendea mtu wa pwani ukamvamia kama mgambo wa ushuru. Nikamwelekeza: anza na salamu, uliza habari za nyumbani, habari za kazi na za afya, na wakijibu nawe ujibu kama watu wa huku wanavyojibu, kwa uzuri. Sabuni iwekwe mwisho, ikipata nafasi.

Bosi aliisoma akacheka. "Mama, hii ni barua au umekwenda kukaa siku mbili?"

"Ni barua yenye adabu."

"Haya. Tuma adabu zako."

Nikatuma. Majibu yakaanza kuingia kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyetaja sabuni. Walijibu salamu. Walisema wazima, walisema mvua imekatika, mmoja alisema mama yake amepata nafuu. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakamuuliza yeye. "Mzee hajambo? Kimya kimezidi." "Simu yake haipatikani, kabadilisha laini?" Mnunuzi wa Mbweni aliandika: "Mwambieni tumesikia kaoa Pangani ndiyo maana hatumwoni. Asituogope, tutampa hongera yake."

Chini ya kila jibu, msaidizi alikuwa ameshaniandalia rasimu. "Hajambo, anakusalimu sana. Amefurahi kusikia mama anaendelea vizuri." Ile ya Mbweni ilikuwa na utani kidogo: "Hajambo, anakusalimu, na anasema Pangani hajaoa bado."

Sikumlaumu. Jukwaa lilimwambia mtu huyu yuko kazini, nami nilimwambia ajibu kwa uzuri, na yeye akaunganisha hayo mawili kama nilivyomuunga. Kwetu ukiulizwa habari za nyumbani unasema njema. Hata jeneza likiwa ukumbini unasema njema, kisha ndipo unasema ila. Njema, ila tumeuguliwa. Njema, ila tumefiwa. Bosi alipokuja kunipa pole mara ya kwanza aliniuliza habari nikamwambia njema, akanitazama usoni kama mtu aliyekosea nyumba. Sasa msaidizi alikuwa ameipata njema yetu, na mimi sikuwa nimemfundisha ile ila.

Nilizisoma rasimu zote. Hajambo, anakusalimu. Hajambo, anakusalimu. Nitasema ukweli, zilinipendeza. Mtaani kwetu jina lake lilikuwa limeshatanguliwa na neno marehemu, hata wauza samaki walilitia. Wadogo zake wakija walizungumza shamba. Na hapa, kuanzia Kunduchi mpaka Pangani, kulikuwa na watu ambao kwao alikuwa amechelewa tu kufika. Walikuwa wamemkasirikia kidogo, kama unavyomkasirikia mtu aliye hai. Nikibonyeza mara moja wangeendelea kumngoja. Nikaona raha kukaa nao.

Bosi akaja kusimama nyuma yangu. "Wamejibu wote hawa? Sijawahi kuona. Tuma basi, mama, unangoja nini?"

"Soma."

Alisoma mpaka chini. "Si salamu tu? Nani anakagua salamu?"

"Si kweli."

Akavuta kiti, akakaa, sauti ikashuka. "Nikwambie kitu? Wakijua hayupo watahama. Kuna watu wa Dar wanawafuata kila wiki na bei za chini. Hawa walikuwa wananunua kwake, hawanunui kwetu. Nipe muda tu niwazoee, halafu tutawaambia pole pole."

Alisema kweli. Mahoteli yakihama vile vyumba viwili vingefungwa, na wale wanawake wa Mlingotini wanaotuletea mwani wasingekuwa na pa kuupeleka, wala mimi nisingekuwa na pa kwenda asubuhi. Nilimwambia tu, "Mwanangu, nikishasema hajambo, kesho watasema nipe niongee naye. Nitampa nani?"

Akafungua dirisha, akalifunga tena. "Basi usiandike," akasema. "Ya kuambiwa kwa maandishi hayo? Piga simu."

Nilianza na mwanamke mmoja, mnunuzi wa hoteli ya upande wa Saadani, kwa kuwa mume wangu alimtaja sana. Namba nilimwomba msaidizi akanipa. Bosi alisimama mlangoni.

"Asalaam aleikum."

"Waalaikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Mimi mke wa yule wa sabuni, Bagamoyo."

"Ee! Shoga! Leo ni wewe! Habari za huko?"

"Njema."

"Wazima wote?"

"Wazima."

"Na huyo bwana kajificha wapi? Muongo mkubwa huyo, kaniahidi embe za kwao Fukayosi, msimu umekuja umepita. Mpe simu nimtukane."

Nyuma yake nilisikia sahani na maji ya bomba. Niliposhindwa kwenda mbele nikarudi nyuma, nikaanza upya pale tulipokuwa.

"Habari za huku njema, dada, ila mwenzangu hatunaye."

"Hatunaye vipi?"

"Tumemzika. Huko huko Fukayosi."

Akamfokea mtu afunge bomba. Kisha akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, taratibu, mpaka mwisho. Nilidhani atanipa pole, lakini aliyenijibu baada ya hapo alikuwa mtu mwenye hasira. "Nanyi mkanyamaza! Mtu anayeniulizia wanangu kwa majina, anakufa sisikii? Sikuleta hata kilo ya mchele?"

"Nilikuwa eda, dada."

"Na ile barua yenu, ya habari za nyumbani, kaandika nani?"

Nikamweleza kwamba ni mashine, mimi niliielekeza iseme nini.

"Nilipoisoma nilisema huyu ni yeye," akasema. "Nikamwonyesha na mpishi. Nikamwambia, unaona, kajitokeza."

Tukalia, yeye kule na mimi huku, na bosi akaingia akanishika bega. Mwisho yule mwanamke alipenga kamasi, akajifuta, akasema, "Kuhusu sabuni sitakudanganya. Meneja anataka za Dar, mimi ndiye niliyekuwa namzuia, kwa ajili yake. Sasa sijui kama nitaweza."

"Sawa," nikamwambia. Bosi alikuwa anasikia.

Niliwapigia wote. Nilifuta rasimu kila nilipokata simu, nikamwandikia msaidizi kwamba akiulizwa habari za mume wangu asijibu neno, aniachie mimi. Akasema pole, akasema ameelewa. Akaniambia pia kwamba jukwaani hawezi kumwondoa, maana nilimruhusu kusoma tu, ila atanisaidia kuwaandikia wenye jukwaa. Tukawaandikia. Wakamwondoa. Mnunuzi wa Mbweni aliniomba radhi mpaka nikamhurumia, akirudia kwamba ule wa kuoa ulikuwa utani, wallahi utani tu. Nilimwambia marehemu angeucheka. Baadhi yao walibaki nasi. Saadani wakahama, na wengine wawili watatu, na bosi akakisalimisha chumba kimoja kwa mwenye nyumba. Sabuni na meza sasa vinakaa pamoja. Hakuniambia neno baya. Siku nyingine ananikuta nimeinamia kompyuta, anasimama kwanza, anauliza habari za asubuhi, anangoja nijibu.

Yule mwanamke wa Saadani alikuja. Sikumtarajia. Alipata mapumziko yake akaja mpaka nyumbani kwangu na mchele, udi na kitenge cheusi, akavua viatu akaketi mkekani kama msiba ulikuwa wa jana. Ni mnene kuliko nilivyomfikiria, na ana mwanya, jambo ambalo mume wangu hakulitaja. Alinisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akiingia jikoni kwao akifunika masufuria yaliyoachwa wazi, mpaka wapishi wakamwita afisa afya. Hiyo sikuijua. Nami nikamsimulia alivyougua. Tukasoma Fatiha. Nilipika, nikapima mchele wa watu wawili, tukala.

Sabuni hakuitaja, nami sikuitaja. Jua lilipopunguka akasema ana safari, nikamsindikiza mpaka barabarani ambako dereva wa pikipiki alikuwa anamngoja. Akapanda, akapanga kanga yake isiguse tairi, akanipa mkono.

"Haya shoga. Wasalimie nyumbani."

Ni neno la kila mtu, linatoka lenyewe. Alipolisikia akashtuka, akataka kulirudisha. Nikamshika mkono.

"Zimefika," nikamwambia.