Upande Wake wa Ugali

Walianguka pamoja, mama mkwe na mkaza mwana, mlangoni mwa jiko, asubuhi moja ya masika wakati udongo mwekundu wa kijiji cha Kumsenga unateleza kama sabuni. Immakulata alikuwa amemshika bibi kwapani, kama alivyofanya kila kulipokucha, ili amtoe nje akaote jua. Goti la kulia likalia kama kijiti kinachovunjwa, likakataa. Akaenda chini, na kikongwe juu yake.

Bibi Mpawenimana hakuumia hata ukucha. Aliangukia tumboni mwa mke wa mwanawe, akabaki amelala pale kama mtoto aliyeshiba.

"Leo mwili wako umenifaa," alisema. "Ungekuwa na mifupa kama mimi, kishindo kingesikika mpaka Kibondo."

Immakulata alicheka. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa, na kicheko kikakatika. Walikaa matopeni wakizungumza habari za kuku mpaka jirani aliyekuwa akienda shamba alipowaona, akaweka jembe chini, akawainua mmoja baada ya mwingine. Kumwinua bibi kulimchukua kufumba na kufumbua. Kumwinua Immakulata ilibidi aende kumwita kaka yake.

Jioni Divine alipiga simu kutoka Kasulu, alikoolewa na anakoshona nguo. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Mama, sema tu ukweli kwamba umeshindwa. Bibi aje huku kwangu. Kuna sakafu ya saruji, na choo kimo ndani."

Simu ya Immakulata ilikuwa na sauti kubwa, na bibi, ambaye kusikia hakujampungukia, alijibu kutoka kwenye mkeka wake: "Mwambie huyo mtoto kwamba mimi nimehama mara moja katika maisha yangu, na imenitosha. Nikienda Kasulu, Pasikali atabaki na nani?"

Pasikali alikuwa nyuma ya nyumba, mwisho wa migomba, chini ya msalaba wa saruji. Alikuwa mume wa Immakulata na mtoto pekee wa Mpawenimana. Mama yake alivuka naye mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni, mwaka ule wa sabini na mbili watu walipokimbia, na miaka mingi baadaye, wakiwa wamekwisha kuwa raia wa hapa, akamzika. Kila asubuhi akishatolewa nje, bibi alikaa akitazama upande wa migomba. Hakuwa na kazi nyingine. Kumwondolea kazi hiyo, Immakulata alijua, ni sawa na kumwambia kwamba amemaliza.

"Tupe muda kidogo, Divine," alisema. "Nitakwenda hospitali."

Kipriani wa bodaboda alimpeleka mjini. "Mama Divine, kaa katikati," alisema, kama asemavyo siku zote, "tairi la mbele lisije likaaga ardhi." Siku nyingine Immakulata humjibu kwamba pikipiki yake ndiyo mgonjwa. Siku hiyo alisogea katikati kama alivyoambiwa, na Kipriani akaona haya.

Daktari aliyapapasa magoti, akaandika dawa ya maumivu, kisha akamwacha kwa muuguzi aitwaye Firdausi, binti wa wenye duka la vitambaa pale mjini, msichana mwenye sauti ya upole na macho yasiyodanganyika.

"Gegedu imelika, mama yangu. Mfupa unasaga mfupa. Mzigo ukipungua juu, magoti yatapumua."

"Nifanye mazoezi? Redioni wanasema watu watembee."

"Utatembea kwa magoti gani? Mazoezi weka kando kwa sasa. Huu mwili utaupunguzia mezani."

"Sina meza."

"Unakulia wapi?"

"Mkekani."

"Basi utaupunguzia huko huko mkekani." Firdausi alichora duara juu ya dawati kwa kidole. "Hii ni sahani yako. Nusu, mboga za majani. Hapa maharage au samaki. Hapa kona tu ndiyo ya ugali, kiasi cha ngumi yako. Mawese kijiko, usimimine kwa upawa. Chai bila sukari. Soda ziage. Na usijitie njaa ya kufa, taratibu tu."

Immakulata alilitazama lile duara lisiloonekana. "Na kama mtu hana sahani yake?"

Firdausi alidhani ni umaskini. "Hata ya plastiki inatosha, mama."

Angeanzia wapi kumweleza? Nyumbani kwao hapakuwa na sahani ya mtu. Palikuwa na sinia moja, ugali wa muhogo ukiwa umekaa katikati kama kilima cha Buha, na bakuli la maharage ubavuni. Kila mtu alikula upande uliomwelekea. Kuvuka kwenda upande wa mwenzako ni ulafi. Kusukuma kutoka upande wako kwenda wa mwenzako, hilo ni jambo jingine. Huko ni kulea. Mzazi humsukumia mtoto, mkubwa humsukumia mdogo, na kilichosukumwa hakirudishwi. Kukirudisha ni kumtemea mtu mate usoni.

Immakulata alipoletwa nyumba ile alikuwa binti mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Jioni ya kwanza Mpawenimana alikata kipande kutoka upande wake, akakisukuma mbele ya bi harusi. "Kula, mwana wanje," alisema, yaani mtoto wangu kwa Kirundi. Hakukoma tena. Alisukuma wakati wa mimba na wakati wa msiba, siku za mavuno na siku za njaa. Zilipokuja siku za njaa alisukuma zaidi. Mwili huu aliokuwa akiulalamikia Firdausi haukutokana na ulafi. Ulijengwa kipande kwa kipande, kwa mkono wa mwingine, na kila kipande kilikuwa na jina lake: mwana wanje.

Hata hivyo alinunua sahani. Ilikuwa ya bati, nyeupe, na ua jekundu katikati. Jioni alipakua kama alivyoelekezwa: mboga ya lengalenga nyingi, maharage, kona ya ugali. Sinia akamwekea bibi.

Mpawenimana alikitazama kile kisahani. Katika kilima walichotoka, na katika vijiji hivi pia, sahani ya peke yake hupewa watu wa aina mbili: mwenye ugonjwa unaoambukiza, na anayeogopa kwamba mwenzake atamtilia sumu.

"Mukazana wangu, mke wa mwanangu," alisema polepole. "Kati yetu, nani mgonjwa?"

"Hakuna, mama. Ni maneno ya hospitali."

"Basi kati yetu, nani mchawi?"

"Mama, jamani!"

"Nauliza tu. Nimekula na wewe tangu hujajua kufunga kanga. Leo umeuogopa mkono wangu."

Akanawa mikono kama aliyemaliza, bila kula, akageukia ukuta. Ugali ulipoa kwenye sinia ukafanya ngozi. Kesho yake bibi alikunywa uji kidogo tu. Siku iliyofuata Immakulata alimwekea maji kuku aliyekuwa akitamia kwa ile sahani ya ua jekundu, na mambo ya sahani yakaishia hapo.

Akarudi kwenye sinia na kujaribu hila. Alianza na mboga, akanywa maji mengi, akatafuna tonge moja mpaka likawa maji. Aliacha soda, akaacha sukari, akaacha maandazi ya asubuhi aliyokuwa akila sokoni kwenye genge lake la maharage na mawese. Mwili ukaanza kusikia. Gauni la kanisani lilianza kumcheza mabegani. Lakini alichoka. Ulikuwa uchovu wa ajabu, wa kulinda mdomo wako mwenyewe kama mtu anayelinda shamba dhidi ya nyani: ukisinzia tu, wameingia. Na kila jioni kipande kilikuja, kikisukumwa na kidole chenye mifupa, na kila jioni alikila, kwa sababu hakirudishwi.

Sokoni nako maneno hayakukosa. Asia, muuza dagaa wa genge la jirani, alimpima kwa macho kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Shoga, unayeyuka. Kuna mchumba?"

"Mchumba wa nini na magoti haya?"

"Basi kuna kitu." Asia alishusha sauti, lakini si sana. "Wenzako wanasema. Mimi nawaambia nyamazeni, mjane ana siri zake. Ila kama ni vile vidonge, mama, unavimeza bila aibu. Siku hizi watu wanazeeka navyo."

"Nimepunguza ugali, Asia."

"Ehee! Muha kapunguza ugali!" Asia alipiga kofi mpaka nzi wakaruka kwenye dagaa. "Afadhali ungesema vidonge, ningekuamini."

Wateja walicheka, naye akacheka nao. Akirudi nyumbani nyuma ya Kipriani, alilia kidogo ndani ya upepo, mahali ambapo chozi linaweza kusingiziwa vumbi.

Maneno hayo yalimfikia bibi, kama yanavyofika yote. Jioni moja jua likiwa bado juu ya kilima, Immakulata alikuwa amepiga magoti akipuliza moto, kanga imemteleza begani. Alihisi kidole baridi kikimgusa chini ya shingo.

"Huu mfupa," alisema Mpawenimana, "haukuwepo."

"Ulikuwepo, mama. Ulikuwa umefichwa."

"Pasikali naye ulianza huu." Kidole kilibaki pale pale. "Alisema, mama, ni tumbo tu. Ukaja huu, ukaja wa shavu, zikaja mbavu. Nilikuwa nazihesabu nikimwogesha, mtu mzima, na ndevu zake. Nilimsukumia chakula mpaka akawa hawezi kumeza, na bado nilisukuma. Wewe ulikuwepo. Uliniona."

Immakulata aliacha kupuliza. Kumbe muda wote huu bibi hakuwa na hasira. Alikuwa akiangalia maziko mengine yakija polepole, kupitia mlango ule ule.

"Mimi siumwi, mama. Nakonda ili nikuinue. Nisipoweza, Divine anakuja kukuchukua."

"Kila anayekonda husema haumwi."

Immakulata aligeukia moto. Akaepua sufuria, akasonga ugali, akaleta sombe, yale majani ya muhogo, na maharage, akamnawisha bibi mikono, wakaketi. Mpawenimana alisali kwa Kirundi, kama kawaida yake, sala ndefu iliyomtaja Pasikali mara mbili. Alipofungua macho, kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kilima cha ugali ili kikate.

Na hapo, katika mwanga ule wa jua la mwisho ulioingia mlangoni, Immakulata aliuona ule mkono. Aliushika kila siku, lakini ni kama hakuwahi kuutazama. Ngozi ilikuwa imelala juu ya mfupa kama kitambaa kilichoanikwa juu ya fito. Alikumbuka jinsi jirani alivyomwinua bibi kule matopeni, kwa mkono mmoja. Miaka yote hii, kilichofika upande huu kilitoka upande ule. Walikuwa wakila ugali mmoja, na ulikuwa ukienda kwa mtu mmoja tu.

Alitangulia. Kabla kidole cha bibi hakijagusa, alikata kipande kutoka upande wake mwenyewe, kikubwa, akakichovya kwenye maharage, na akakisukuma ng'ambo.

Kikatulia mbele ya Mpawenimana.

Mukazana hamsukumii mabukwe, mama mkwe wake. Halikuwahi kufanyika katika nyumba ile. Anayesukuma ndiye mzazi, na anayesukumiwa ndiye mtoto, na wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. Kuku alijikuna uani. Bibi alikitazama kile kipande, kisha akaitazama migomba kupitia mlangoni, kisha akamtazama mwanamke huyu mnene ambaye alianza kuwa si mnene.

"Unanifanya mtoto," alisema.

"Kula, mama."

"Ninyi watu wa hospitali mna hila."

"Kilichosukumwa hakirudishwi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kikongwe alikichukua kile kipande, akakila polepole kwa meno yake machache, na ilimchukua muda hata giza likaanza kuingia. Alipomaliza aliomba maji. Hakusukuma kitu usiku huo. Alisema ameshiba, na ni jambo ambalo Immakulata hakuwahi kumsikia akilisema.

Haikwisha hapo, maana mambo ya tumbo hayaishi kwa jioni moja. Zipo jioni ambazo bibi alitangulia kusukuma, na Immakulata akala, akachoka, akaanza upya kesho yake. Asia hakuacha kuuliza habari za vidonge. Magoti hayakurudi kuwa ya msichana. Wakati wa baridi yaliuma kama jino. Lakini masika mengine yalipokuja, Kipriani aliacha utani wake bila kuambiwa na mtu. Na Divine, aliyepanda gari kutoka Kasulu akiwa na mkeka mpya kwa ajili ya safari ya bibi, alifika asubuhi akawakuta wawili hao mlangoni mwa jiko.

Mama yake alikuwa amemshika bibi kwapani. Goti lililia. Immakulata alisimama, akasubiri maumivu yapite kama mtu anayesubiri ng'ombe wavuke njia, kisha akainua.

"Umekuwa mzito, mama," alisema akihema.

"Nani kanifanya?" alijibu Mpawenimana. "Twende, taratibu. Mtoto wangu ananingoja."

Divine aliwapisha. Walipofika kwenye jua, alichukua ule mkeka mpya wa safari, akautandika chini, ukielekea migomba.