Nilitafiti kazi za wanawake mwaloni, mama yangu akapoteza chanja yake

Wakuu, amahoro.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa nacheka na kupita. Leo nimeshindwa kupita. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Rumonge, na sijayatia chumvi, maana yalivyo tu yanatosha kunichefua.

Ni marefu kidogo. Asiyependa kusoma apite kwa amani.

Nasoma chuo Bujumbura, mwaka wa mwisho. Ili nimalize lazima niandike memwari, ninyi wa Bongo nadhani mnaita tasnifu. Yangu inahusu majukumu ya wanaume na wanawake katika historia, dini na jamii.

Sura ya historia niliiandika kwa hasira tamu kabisa. Niliwachambua makarani wa kikoloni waliopita vijijini na daftari za kodi wakiandika wanaume, mwanamke hata jina hakuulizwa. Kwenye dini nikaeleza kwamba mke wa kwanza wa Mtume alikuwa mfanyabiashara, na kwenye Biblia yupo mama aliyeuza vitambaa vya zambarau. Msimamizi wangu alifurahi. Nikajiona msomi.

Ikabaki sura ya jamii. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilichagua mwalo wa kwetu. Kwa asiyejua, mitumbwi hurudi asubuhi na ndagala, wale samaki wadogo mnaowaita dagaa. Wanaume wakishashusha wanaenda kulala. Kuanzia hapo samaki ni wa wanawake: kuosha, kuanika, kugeuza, kufukuza ndege, kuchungulia mawingu, kuanua mvua ikija, kuanika tena. Mama yangu yuko pale tangu mimi sijaota meno.

Sasa, mwaloni huingii na makaratasi bila ruhusa ya komite. Prezida wake anaitwa Deo, mtu mpole anayependa mihuri kuliko chakula. Akanikubalia kwa sharti moja, nikimaliza nimwachie nakala ya kila fomu. Nikaona si neno.

Fomu ilikuwa na jina, umri, dini, idadi ya watoto. Halafu: "Kazi yako ni ipi?"

Wakuu, nilikoma.

Wa kwanza alikuwa Mama Riziki, jirani yetu. Nilimkuta ameinamia chanja, ile meza ya wavu ya kuanikia.

"Ngoja kwanza nimalize kazi, mutoto wangu. Nitakuya kukujibu."

Nikangoja juani mpaka kisigino kikaanza kuungua. Akaja, akafuta mikono kwenye kitenge. Nikamuuliza kazi yake.

"Miye? Miye sina kazi. Bwana ndiye iko na kazi, iko muvuvi. Miye niko naikala tu nyumbani."

Nikaandika: hana.

Wa pili vilevile. Ngoja nimalize kazi. Nikangoja. Sina kazi. Wa tatu hivyohivyo. Mmoja alinijibu akiwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni: "Andika hakuna kazi, murakoze, unipishe nipite."

Siku nzima nilishinda hivyo, na nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Ila nilikasirikia kungojeshwa! Kila mmoja alinitamkia kwa mdomo wake kwamba ana kazi, ndiyo maana nikasimama juani, na mimi na elimu yangu yote nikawa naangalia saa.

Msimamizi akasema matokeo yako wazi kabisa. Nikashuka tena Rumonge kumpelekea Deo nakala zake, kisha nikarudi zangu Bujumbura.

Baadaye komite ikajenga chanja mpya, ndefu, za mbao nzuri. Zile za zamani zikang'olewa zote. Wakasema watagawia watu wenye kazi mwaloni. Nani ana kazi? Wakabishana wee. Mwisho Deo akatoa fomu zangu, akazisoma mbele ya mkutano moja baada ya nyingine.

Kila chanja ikaandikwa jina la mwanaume. Wanaume wakawaambia wake zao waendelee kama kawaida, kwa hiyo wengi hata hawakuona tofauti.

Mama yangu ni mjane. Hakuwa na jina la mwanaume la kuandikisha.

Nilipokuja likizo nilimkuta anaanika chini, kwenye mchanga. Ndagala wa mchanga wanakwaruza meno, wanunuzi wanawapita kama hawawaoni. Nikamuuliza kwa nini hakusimama kwenye mkutano akapinga.

"Nipinge nini? Chuo ndiyo ilisema. Si wewe mwenyewe uliandika?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, wakuu. Alisema vile huku anaokota mawe madogo kwenye samaki, mgongo umepinda, nami nimesimama pale na begi langu la kompyuta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamwendea Deo mbio. Nikamwambia wale wanawake walijibu vibaya, na kwamba yeye Deo amemwona mama yangu pale kila siku ya Mungu kwa macho yake mawili. Nilipaza sauti, kwa kweli.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akafungua faili, akatoa karatasi moja.

"Mademoiselle, miye nilimuona. Hata nilishangaa sana. Lakini soma hapa, iko namna gani?"

Jina la mama yangu. Kazi: hana.

Mwandiko ni wangu.

Sikumbuki kumuuliza. Sikumuuliza, ndiyo ukweli. Nilijaza mwenyewe kwenye basi kuelekea Bujumbura, fomu ilikuwa imebaki moja, na nikajiambia huyu namjua. Wale wengine angalau niliwauliza. Mtu aliyenilisha, akanivisha, akanisomesha kwa samaki hao hao, nilimwandika kama yule karani wa kodi niliyemtukana kurasa nzima.

Nililia pale ofisini. Deo akanipa kiti.

Nikaomba kurudia sura yote. Msimamizi akasema data haibadilishwi kwa sababu ya mama wa mtu. Nikamwambia sibadilishi data, nabadilisha swali. Tumevutana, kanisogezea siku ya kuitetea memwari. Wenzangu wameshapiga picha na majoho. Mimi bado nanuka ndagala.

Safari hii niliuliza: "Tangu umeamka leo, umefanya nini?" Na sikungoja pembeni. Niligeuza samaki nao, nikaandika pale mkono ulipopata nafasi. Mama Riziki alijaza pande mbili za karatasi, na hapo hajafika hata adhuhuri. Katikati akaniuliza kama hayo yote ni yeye.

Deo alisoma fomu zote upya, akagonga mihuri yake, mkutano ukaitwa tena. Kelele zilikuwepo, kuna wanaume mpaka leo hawanisalimii. Mama akapewa chanja ya mwisho kabisa, karibu na choo, ambako upepo ukigeuka hukai. Lakini jina lililochorwa kwenye ubao ni lake.

Kabla ya mkutano huo, fomu ya mama niliiacha ya mwisho. Nilimfuata na kalamu.

"Ngoja nimalize kazi," akasema.

Nikangoja, wakuu. Sikuangalia saa.

Nilichojifunza ni hicho tu, wala hakikuhitaji chuo kikuu: mtu unayedhani unamjua ndiye unayemwandika vibaya kuliko wote, kwa sababu humuulizi.

Wenye kunitukana mnitukane, nimestahili. Ila kabla hujaandika neno, kama mama yako yuko hai, muulize amefanya nini tangu asubuhi, kisha njoo utuwekee jibu hapa chini.

Usimjazie.