Mstari wa Saba

Msimamizi wa mradi wetu wa maji hafungi mkutano mpaka amzungukie kila mtu na daftari lake: "Nani, lini, na utashika nini mkononi?" Ukimjibu "tutaangalia," anakukazia macho mpaka utaje koleo na saa, ndipo anaandika kwa wino. Kila kazi imeshapata mwenyewe, isipokuwa mstari wa saba: kubomoa banda la kuku lililokaa kwenye njia ya bomba. Akiufikia huo anakohoa, anafuta miwani kwa pindo la shati, anafunua ukurasa. Mwezi wa tatu huu. Banda ni la mama mkwe wake, sote tunajua, na sote tunatazama meza.

Jumatatu fundi bomba uvumilivu ulimwishia. "Mkuu, na ule wa saba nani?" Msimamizi akakohoa, akaandika jina lake mwenyewe, akachukua nyundo. Tukamfuata kwa mbali. Mlangoni kwa mama mkwe alivua viatu, ingawa hakuwa anaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama akaitazama nyundo. "Kuku nilishawahamisha tangu mkutano wa kwanza. Nilikuwa nakungoja wewe tu."