Uso wa Nekesa Tuliufuata Kitale

Barua ndiyo ilinirudisha Kitale. Mwanangu Wafula alikuwa vitani ng'ambo, na bintiye Nekesa alizaliwa yeye ameshaondoka. Tulikuwa tumempelekea picha, mimi nimempakata mtoto. Akajibu: "Mama, gauni yako nimeiona vizuri sana. Lakini mtoto ako wapi? Naona giza limefungwa shuka." Mkewe Nasimiyu alilia. Mimi nilikasirika.

Alfajiri nilitoka Ndalu na Nekesa mgongoni, mzito kama debe la mahindi, na mzuri kushinda watoto wote wa kwetu. Anayebisha aje amtazame. Nasimiyu alibaki na mavuno. Nilivaa lile lile gauni langu jeupe la kanisa, maua ya kifuani nimeyadarizi mwenyewe. Lori ya mahindi ikatubeba, vumbi mpaka kwa meno.

Saa nne tukashuka Kitale. Fundi wa picha, mtu wa Mabanga, alikuwa barazani kwake, akaniita kukhu, yaani nyanya, kama wa kwetu.

"Karibu tena, kukhu! Picha ilikuwa safi, si ndiyo?"

"Gauni ilikuwa safi. Mjukuu wangu ulimfanya makaa."

Nikamtolea nakala tuliyobaki nayo; akaitazama, akakuna kichwa. Akatuketisha kivulini, akatoa kidude cha kupima mwanga, kina sindano kama ya saa. Akakisogeza kifuani kwangu. Sindano ikaruka.

"Mwanga uko mwingi. Nafunga tundu la kamera kidogo."

"Ngoja. Hapo umepima nini?"

"Gauni, kukhu. Si ndiyo inang'aa?"

"Kwani gauni ndiyo iko na baba vitani? Pima mtoto, bana!"

Akacheka, akakisogeza shavuni kwa Nekesa. Sindano ikalala. Kicheko kikaisha.

"Kweli. Uso unataka tundu liwe wazi zaidi. Lakini nikifungua, gauni yako itaungua na mwanga. Maua hayataonekana hata moja."

"Acha mwanga ukae muda mrefu, basi."

"Gauni itaungua vile vile, na mtoto akitingishika atakuwa moshi. Chagua, kukhu."

Ati mtu anadarizi hivyo, halafu anaonekana kama amevaa gunia la unga! Nikayafunika maua kwa kiganja, sijui kwa nini.

"Fungua," nikasema.

Alasiri alituletea picha, bado ina unyevu. Mimi nilikuwa kichwa juu ya wingu. Lakini Nekesa alikuwa pale: nyusi, mashavu, mdomo umenuna.

Jioni tukafika nyumbani. Nasimiyu akaishika picha kwa ncha za vidole, akakaa chini palepale bila kuniamkua. Sikumgombeza.

Nilichojifunza ni hiki: kidude kile hakina akili. Kinapima unachokionyesha. Ukinyamaza, fundi atapima kinachong'aa, na mtu wako atabaki gizani.

Picha tukamtumia Wafula. Mvua zilipoanza akajibu, mstari mmoja tu:

"Mama, nimemwona. Masikio ni yangu kabisa, maskini mtoto."